Taa ya Kijani Nyumbani kwa Nyangate

Kartik alinionya kuhusu wezi, mvua, panya na stima. Kuhusu majirani hakunionya, wala sikumuuliza, kwa sababu majirani nilidhani nawajua mimi.

Hiyo ilikuwa mwaka wa 1998, baada ya wezi kuvunja ofisi ya zahanati nilikokuwa nikifanya kazi, pale Nyamira, wakaondoka na kompyuta, taipureta na hata pazia la dirisha. Zahanati ilikuwa ndogo, ya kanisa. Katika kompyuta ile kulikuwa na kitu kimoja tu cha maana, nacho ni majina ya watu waliopimwa damu. Ugonjwa wenyewe siku hizo haukutajwa. Watu walisema "ule", au "huu wa siku hizi", au walitikisa kichwa tu. Aliyekuja kupimwa alipitia mlango wa nyuma, akakaa na muuguzi mkuu, akaambiwa: jina lako litaandikwa kwa mashine, mashine itafungwa, na hakuna mtu atakayesoma. Mimi Bonareri ndiye niliyekuwa nikiandika.

Nakala nilikuwa nayo kwenye disketi, kwa hiyo kazi haikupotea. Kilichopotea ni usingizi wangu. Kila nikifumba macho nilimwona mtu sokoni Keroka, amesimama juu ya kreti, akisoma majina yale kwa sauti kama anayenadi nguo kuukuu. Mengine yalikuwa ya watu wa kijiji chetu, watu niliokuwa nikiwaamkia tangu utotoni. Wezi wa Mungu, hata hawakujua walichobeba.

Muuguzi mkuu akaamua mashine mpya isilale tena zahanati. Ilale kwetu, kwa mama yangu Nyangate, kwa kuwa kwetu kulikuwa na stima. Nyaya za kwenda kiwanda cha chai zilipita juu ya shamba letu, na marehemu baba alipigana na maofisa mpaka wakatuachia waya mmoja ushuke. Nyumba nyingine zote za mteremko ule zilikuwa na koroboi.

Mashine niliinunua Kisii mjini kwa Kartik, mtoto wa mzee Natwarlal wa duka la redio. Kartik alizaliwa Kisii, na Kigusii chake ni safi kuliko cha binamu zangu wanaokaa Nairobi. Alikuja nayo mwenyewe hadi nyumbani, akaikagua nyumba ya mama kama mtu anayetafuta mchwa.

"Bona, hii si kompyuta ya kuandikia barua," aliniambia. "Hii ni seva. Kazi yake ni kuweka tu. Ndani kuna diski mbili na zote zinaandika kitu kimoja, moja ikifa nyingine inabaki. Haina kioo. Utaandikia kwenye kompyuta nyingine nitakayokuwekea sebuleni, waya huu unabeba, seva inapokea. Na haizimwi."

"Hata usiku?"

"Hata Krismasi. Ndiyo maana nimekuletea na betri."

Betri ilikuwa sanduku zito lililotushinda kubeba, ikabidi tulivute kwa gunia. Kazi yake, stima ikipotea, ni kuishika mashine isianguke ghafla na kuharibu kilichomo. Kartik akanifundisha kuweka neno la siri, akanikataza kutumia jina la mama au mwaka wangu wa kuzaliwa. Akafunga nondo dirishani mwa chumba cha nyuma, tulimoiweka mashine, akaziba vioo kwa karatasi nyeusi ya plastiki, akaacha upenyo mwembamba juu ili chumba kipumue, maana mashine ikipata joto inakufa. Mlangoni tukatia kufuli la kilo nzima.

"Na usimwambie mtu kuna nini humu," akasema. "Wezi wana masikio."

"Mama je?"

"Mama yako anaongea na watu?"

"Mama yangu ni shemasi wa kanisa."

"Basi usimwambie."

Nikamwambia mama kidogo tu, kwamba ni kazi ya zahanati na chumba kisifunguliwe. Mama hakupenda. Chumba kile hakikuwa chetu peke yetu. Tangu baba alipokufa ndimo wanawake wa kijiji walimoweka sufuria kubwa za matanga, na masinia, na zile karai za kuoshea vyombo. Pakitokea msiba mtu hakuwa na haja ya kubisha, aliingia akachukua. Na mwaka ule misiba ilikuwa haipumziki, tulizika vijana mpaka makaburi yakakaribia kushindana na migomba. Sasa ilibidi wanawake waje kutoa sufuria zao. Walizibeba kichwani, mama amesimama mlangoni akiwaambia ni kazi ya mtoto, ni kazi ya mtoto. Mmoja aliuliza kazi gani hiyo inayotaka giza. Mama akarudia ni kazi ya mtoto, kwa sababu mimi sikuwa nimempa neno jingine.

Kwetu kuna mambo ambayo hata aliyesoma hawezi kujifanya hayajui. Omorogi, mchawi wa kwetu, husemwa kuwa hutembea gizani na chungu cha moto chenye kifuniko. Hukifunua na kukifunika, na ndiyo maana mwanga wake huwaka na kuzima, huwaka na kuzima. Kila mtoto wa Kigusii amewahi kuonyeshwa mwanga kama huo mlima wa ng'ambo na kuambiwa akimbie ndani. Mimi nilikuwa nimesahau. Au tuseme nilikuwa nimekaa na mashine muda mrefu kiasi kwamba taa yake ndogo ya kijani, ile inayopepesa kila diski inapoandika, kwangu ilikuwa taa tu.

Kwanza Sabato moja mama alirudi kanisani mapema. Alikuwa amepeleka ndizi za kuchemsha za chakula cha pamoja, na kikapu kilirudi kimejaa.

"Hawakuwa na njaa," akasema.

Sabato iliyofuata alikaa benchi peke yake. Nami nilikuwepo, benchi la nyuma yake, nikaona kina mama wakifika, wakiangalia nafasi, kisha wakijibana kwenye benchi lingine kama kuku sokoni. Mama aliimba nyimbo zote huku ameshika kitabu juu chini. Nikaanza kuogopa.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza kuna nini. Akavua viatu vyake vya kanisani, akaviweka sawasawa ukutani.

"Wanasema natembea," akasema.

Wakati huo Ogari, jirani yetu wa chini, alikuwa amemzika mdogo wake, kijana aliyerudi kutoka Mombasa amekonda hata ngozi ilionekana imeazimwa. Sasa mke wa marehemu naye alikuwa ameanza kukohoa. Ogari si mtu mbaya. Alitulimia bure mwaka baba alipokufa. Lakini alikuwa ameona mwanga unapepesa kwenye migomba yetu, nyuma ya nyumba, siku zote za ugonjwa wa ndugu yake, na uchungu unatafuta mahali pa kukaa.

Jioni ile giza lilipoingia nilizunguka nyuma ya nyumba. Kupitia upenyo ule wa juu ya plastiki taa ilitoka, ikapiga majani mapana ya mgomba, na jani likaikuza. Kijani, giza. Kijani, kijani, giza. Nikajikuta nimerudi nyuma hatua mbili, mimi niliyeinunua mashine, mimi niliyejua hata waya wake ni wa rangi gani. Kama mimi niliogopa, Ogari angefanya nini?

Mwaka mmoja kabla ya hapo kule upande wa Kenyenya walimchoma ajuza mmoja na nyumba yake. Watu walikusanyika mchana, wengine na watoto mgongoni. Hakuna aliyejificha, kwa hiyo hakuna aliyekamatwa. Nilipolala nilikuwa nafikiria mlango wa jikoni kwa mama, unaofungukia nje, na jinsi ulivyo rahisi kufungwa kwa kamba.

Niliamka nimeamua kuifunika taa kwa utepe na kumweleza mama kila kitu, kisha twende pamoja kwa naibu wa chifu. Mpango mzuri. Ila kulipokucha Jumapili, kabla hata sijapata chai, nilisikia nyayo nyingi na hakuna anayezungumza. Watu wengi wakitembea bila kuzungumza si jambo la heri.

Walijaa uani. Wanaume mbele, wanawake nyuma, na wengi wa wanawake walikuwa wamebeba majani makavu ya migomba, mizigo mizigo, kama wanaokwenda kuezeka. Ogari alikuwa na mtungi wa mafuta ya taa. Naibu wa chifu, Bwana Mogire, alikuwepo pia, amevaa kofia yake ya kazi. Sijui kama alikuja kuwazuia au kuwasindikiza, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa hajui. Mama alitoka jikoni akikausha mikono kwa kanga.

"Bwakire," akawaamkia.

Hakuna aliyemwitikia. Kwetu kumnyima mtu mzima salamu uani kwake ni kumwambia ameshakufa. Nikaenda kusimama kando yake.

"Mong'ina," Mogire akasema, akitumia neno letu la heshima kwa mama mzima, "watu wanataka kujua katika kile chumba kuna nini."

"Muulize mtoto," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Wakanigeukia. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi nilivyokwama. Ukweli ulikuwa kwamba ndani ya chumba kile cha giza, chenye nondo na kufuli, kulikuwa na majina ya watu wa kijiji na habari za damu zao. Hebu sema hivyo mbele ya watu wenye mafuta ya taa. Nikajaribu kusema nusu.

"Ni mashine ya zahanati. Inatunza kazi yetu. Ni stima tu, Bwana Mogire, kama redio."

"Stima tu," Ogari akarudia.

"Ndiyo. Taa mnayoiona ni ya stima. Nitafungua mwone."

Funguo zilinianguka mara mbili. Nilipofungua, Mogire, Ogari na wazee wachache waliingia, wengine wakajazana mlangoni. Mle ndani sanduku lilinguruma polepole, na taa yake ikapepesa. Mogire alikuwa wa kwanza kupata wazo la busara, Mungu amsamehe.

"Kama ni stima tu," akasema, "zima stima tuone."

Nilifungua mdomo kumweleza habari za betri. Ogari hakunisubiri. Swichi kubwa ilikuwa ukutani koridoni, akaivuta chini kwa mkono wake. Balbu ya sebuleni ikafa. Kompyuta ya sebuleni ikafa. Redio ya mama, iliyokuwa ikisoma habari jikoni, ikakatika katikati ya neno. Na chumbani mashine ikaendelea kunguruma, taa ya kijani ikaendelea kupepesa, na lile sanduku zito chini likaanza kulia. Linalia, linanyamaza. Linalia, linanyamaza. Sauti nyembamba, ya kitu kinachoomba.

Wazee walitoka mle chumbani wakikanyagana. Uani wanawake walitupa majani makavu ukutani, mzigo juu ya mzigo. Mtu akamshika mama mkono, akamvuta kuelekea jikoni, kwenye ule mlango unaofungukia nje. Mimi nilishika mkono wake wa pili. Nilikuwa nikisema betri, ni betri, na neno hilo halikumsaidia mtu, lilikuwa kelele tu mdomoni mwangu. Nilisikia harufu ya mafuta ya taa. Nilijua mama yangu anakwenda kufa mbele yangu asubuhi ile, kwa mikono ya watu anaowajua mpaka majina ya ng'ombe wao.

"Muulizeni huyu mtoto ni nini kilichomo," Ogari alikuwa akisema, na machozi yanamtoka. "Aseme kwa mdomo wake ni nini anachofungia humo."

Sikuweza kusema. Na sasa hata kunyamaza kwangu kulikuwa jibu.

"Ni majina," mtu akasema.

Aliyesema alikuwa Osoro, fundi wa baiskeli, mtu mrefu asiyependa maneno, anayekaa karibu na kituo cha kupimia chai. Alikuwa amesimama karibu na ua, mikono mitupu. Watu walimgeukia, na aliyeshika mkono wa mama akasimama, ila hakuuachia.

"Ni majina," Osoro akasema tena. "Langu limo. Nilikwenda zahanati kabla ya mvua, nikapitia nyuma, wakanitoa damu. Nilikwenda kwa ajili ya ule ugonjwa. Muuguzi akaniambia wataandika kwa mashine na kuifungia, asisome mtu. Ndiyo hiyo. Imefungiwa kwa ajili yangu, si kwa ajili ya mong'ina."

Mkewe, Esnah, alikuwa katikati ya wanawake, mtoto amelala mgongoni, na mzigo wa majani ya migomba mikononi. Sikumwona alivyopokea, kwa sababu niliogopa kumwangalia. Chumbani betri iliendelea kulia.

"Wewe?" Ogari akamuuliza Osoro. "Ulikwenda wewe?"

"Nilikwenda. Na siku ile sikuwa peke yangu kwenye lile benchi la nyuma, Ogari. Wengine tuko nao hapa."

Ilikuwa kweli. Na watu wote, kana kwamba wamevutwa kwa kamba moja, wakaacha kumwangalia Osoro, wakaniangalia mimi. Mimi ndiye ninayeandika. Mimi najua. Nikaona hofu inahama kutoka kwangu kwenda kwao, na kusema kweli hofu hiyo ilinitisha kuliko ya kwanza, maana mtu anayeogopa kutajwa anaweza kuchoma nyumba haraka kuliko anayeogopa mchawi. Nikainamisha kichwa. Nikavikazia macho vidole vya miguu yangu, nisije nikamtazama mtu hata kwa bahati mbaya, nisije nikamruka mtu kwa macho na wakaelewa nimemruka kwa nini. Neno la siri la Kartik lilikuwa halina kazi tena. Kilichobaki kufungwa kilikuwa uso wangu.

Nikasikia mzigo wa majani ukiwekwa chini. Kisha mwingine. Mtu akakohoa, akasema ana ng'ombe wa kukamua. Mogire akasema kwa sauti ya kiofisi kwamba jambo hili limeeleweka, ingawa hakuna aliyemuuliza. Waliondoka mmoja mmoja, wala hawakutembea wawili wawili. Ogari alibaki kidogo. Alifunga kifuniko cha mtungi wake kwa uangalifu mkubwa, akamwambia mama, "Mong'ina," akaenda zake. Nikarudisha swichi juu. Betri ikanyamaza, na redio jikoni ikaendelea kusoma habari.

Nilipotoka, Osoro na Esnah walikuwa bado uani. Walisimama mbali mbali. Mama alikuwa ameketi kizingitini, kanga imemdondoka begani, hana habari nayo.

"Osoro," nikasema, "umetuokoa."

"Sikurudi kuchukua majibu," akasema, akiangalia pembeni. "Niliogopa. Waliniambia nirudi, nikawa nasema kesho."

Nililijua hilo. Kila juma niliandika upya waliorudi na wasiorudi, na kila juma jina lake nililipita haraka. Yeye hakujua kilichoandikwa mbele ya jina lake. Nilijua mimi.

Esnah akasogea. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mcheshi kanisani, anayejulikana kwa kuimba sauti ya juu kuliko kinanda. Sasa alizungumza polepole kama anayejaribu daraja bovu kwa mguu mmoja.

"Jina lake linasemaje?"

"Esnah, kazi ya kusema ni ya muuguzi. Kesho asubuhi njooni zahanati, nitakuwepo. Nitawapeleka mwenyewe."

"Lakini wewe unajua."

"Sina ruhusa kusema. Kwa mtu yeyote. Hata ingekuwa habari njema nisingesema."

Hilo lilikuwa kweli, nami naapa nililisema bila kutikisika. Lakini nilipomaliza kulisema nilikuwa nimeshaangalia vidole vyangu vya miguu tena. Nikainua kichwa haraka. Nilikuwa nimechelewa. Esnah alikuwa akiniangalia usoni, na aliniangalia muda mrefu, jinsi mtu anavyomwangalia anayetoka chumba cha mgonjwa.

Osoro hakuona kitu. Alikuwa anaokota majani makavu ukutani mwetu, anayarundika pembeni, mbali na nyumba.

Esnah akafungua kanga mgongoni, akamtoa mtoto, akamweka kifuani kwanza. Akamgusa paji la uso, akamgusa mashavu, akamshika kifundo cha mkono kama anayepima unene wake. Kisha akaenda hadi kizingitini, akamnyooshea mama yangu.

"Mong'ina, nishikie," akasema. "Nakaribia kuanguka."

Mama akampokea. Akaokota kanga iliyomdondoka, akamfunika nayo, na mtoto akaamka.